Wiki Mbili Katika Misheni ya Mua

Maneno "mtu wa kujitolea" kwetu Tanzania yana sura yake: kijana wa Ulaya au Marekani mwenye begi mgongoni, aliyekuja kwa miezi mitatu kufundisha Kiingereza na kupaka rangi madarasa. Ni nadra kuyasikia yakitajwa kwa Mwafrika anayevuka mpaka kumhudumia Mwafrika mwenzake. Ndiyo maana nilipokwenda kujitolea katika misheni ya Kikatoliki ya Mua, wilayani Dedza nchini Malawi, wenzangu chuoni waliniuliza nani ananilipa. Hakuna anayenilipa. Asubuhi napanga vitabu, jioni nawasaidia wanafunzi masomo.

Mua imeketi chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na ziwa ambalo sisi tunaliita Nyasa na wenyeji wangu wanaliita Malawi. Mezani hatulibishanii jina hilo. Lugha nayo imenipokea kama ndugu: hodi ni odi, maji ni madzi, mvua ni mvula, mtu ni munthu. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukufika kwenye mizizi ya maneno.

Misheni hii ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1902. Wamisionari wa mwanzo waliipiga vita Gule Wamkulu, ngoma kuu ya Wachewa yenye vinyago na siri zake. Leo katika viwanja hivihivi kuna kituo cha utamaduni cha Kungoni, kilichoanzishwa mwaka 1976 na Padri Claude Boucher kutoka Kanada, na jumba la makumbusho linalohifadhi vinyago hivyo kwa heshima. Kanisa lililokuja kufundisha limekubali kufundishwa. Sijui vyama vingapi vya siasa Afrika vinaweza kusema hivyo.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni hospitali na shule ya watoto viziwi. Vyote viwili vimesimama hapa kwa sababu ya misheni. Serikali ya Malawi huchangia mishahara ya wahudumu wengi katika hospitali za makanisa, na huo ni ubia wa maana. Hata hivyo, mzee mmoja aliniambia pasipo uchungu, "Mwalimu, ukiugua hapa hutafuti serikali, unatafuta mapadri." Kauli hiyo imenikosesha usingizi. Raia akizoea kuipokea haki yake kama sadaka, atawezaje kumdai anayemtoza kodi?

Sisi Watanzania tulijaribu njia nyingine. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misheni zilitaifishwa ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni. Lengo lilikuwa jema. Hata hivyo, baadaye dola yenyewe ililazimika kuyarudia makanisa kuomba msaada. Hivyo sina ubavu wa kuwahubiria wenyeji wangu.

Isitoshe, historia yao inakataa picha ya kanisa linalogawa dawa na kunyamaza. Machi 1992, maaskofu Wakatoliki wa Malawi waliandika waraka wa kichungaji uliokosoa utawala wa Kamuzu Banda, ukasomwa makanisani nchi nzima wakati ambapo kunong'ona tu kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Maaskofu walihojiwa na polisi. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi. Mwaka uliofuata Banda akashindwa katika uchaguzi. Waliotibu ndio waliosema, na walisikilizwa kwa sababu watu walikuwa wamewaona wakitibu.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa kujitolea. Kumhudumia mnyonge ni wema. Kunyamaza juu ya kinachomfanya awe mnyonge ni kumlea katika unyonge wake. Na kwa vijana wetu wahitimu wanaosubiri ajira, nasema: jirani zetu nao wana vijiji, na nauli ya basi haifanani na ya ndege.