Chalbi: Jangwa lisilojali ujanja wa mjini

Msomaji wangu, kama wewe ni mtoto wa mjini uliyezoea soda baridi kila ukihisi kiu, safari hii haikufai. Au pengine ndiyo inayokufaa hasa! Nimetoka kuzunguka kaskazini mwa Kenya siku 12, kulala ni kwenye hema, na hadi leo nikioga natoa mchanga masikioni.

Tulikuwa wanne: mimi kutoka Dar, washikaji wawili wa Nairobi, na dereva wetu, mtu mzima mwenyeji wa Isiolo. Gari ni Land Cruiser kuukuu, si yale mashangingi ya waheshimiwa. Juu ya keria tulifunga spea tairi mbili, madumu manne ya maji ya lita 20, dizeli, koleo na vipande vya mbao. Mbao za nini? Subiri.

Nairobi hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 500, na siku hizi ni lami tupu. Zamani kipande cha baada ya Isiolo kilivunja magari na viuno vya watu. Marsabit yenyewe ni mlima wenye msitu na ukungu. Huko ndiko alikoishi Ahmed, yule tembo wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, akafa mwaka 1974. Asubuhi unavaa sweta. Mchana ukishuka upande wa pili, unaingia kwenye tanuri.

Tanuri hilo ndilo Chalbi. Zamani sana palikuwa ziwa. Leo ni uwanja wa chumvi na udongo uliopasuka, bapa kama meza. Mbele unaona maji yanameta, ukikaribia yanahama. Mazigazi hayo, usidanganyike. Mvua ikinyesha panageuka tope, na gari likizama unangoja pakauke. Kwenye mchanga dereva alipunguza upepo wa matairi ili yatanuke yasizame. Kwenye mawe akayajaza tena kwa pampu.

Pancha ya kwanza ilitukuta saa sita mchana. Hapo ndipo mbao zilipoonyesha kazi yake: bila ubao chini, jeki inazama mchangani na gari linabaki pale pale. Tukiwa tunakaza nati, akatokea kijana wa Kigabra na mbuzi wake, sijui katokea wapi maana hata mti hakuna. Hakuomba pesa. Alinyoosha kidumu kitupu.

Mshikaji mmoja akaninong'oneza, "Tukimpa huyu, sisi tutakunywa nini?" Halikuwa swali la kijinga. Rejeta ilikuwa inavuja, maji yamebaki madumu mawili, na chemchemi ya Kalacha bado mbali. Dereva hakujibu kitu. Alimjazia kidumu hadi mdomoni.

Kabla jua halijazama, mawe yakachana matairi mawili kwa mpigo. Spea imebaki moja. Simu? Mtandao hakuna kabisa. Tukapiga hema, maji tukaanza kugawana kwa kikombe, na kila mmoja akimtazama mwenzake anavyomeza. Hapo utani wote uliisha.

Usiku wakaja wazee wawili na ngamia wao, wameleta maziwa kwenye chombo cha kusuka, yananukia moshi. Hawakuwa ndugu wa yule kijana, wala habari zake hawakuwa nazo. Waliona taa yetu tu. Nikawaamkia, "Shikamoo wazee," wakacheka. Dereva akaongea nao Kiborana, kisha akatutafsiria: "Wanasema huku mtu akiwa na kiu, maswali yanangoja."

Asubuhi mmoja wao akampakia dereva na tairi kwenye ngamia hadi njia ya malori. Alasiri dereva akarudi na tairi lililozibwa. Dumu letu la mwisho lilikuwa limefika nusu. Tulitaka kumpa mzee pesa, akachukua majani ya chai tu.

Siku mbili baadaye tukaliona Ziwa Turkana, lile lililoitwa Rudolf hadi mwaka 1975. Ndilo ziwa kubwa la kudumu la jangwani kuliko yote duniani, la kijani, maji yake ya magadi na mamba ndani. Upepo wake unang'oa hema! Si ajabu karibu na Loiyangalani wamesimamisha mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo.

Ukitaka kwenda, nendeni magari mawili. Ulizeni kwanza hali ya usalama, chukueni mwenyeji anayejua lugha na visima, na maji bebeni kupita mnavyofikiri. Na ukikutana na mtu mwenye kidumu kitupu, mjazie. Mahesabu baadaye.