Nilichokiita Msingi Mbovu

Niliwaambia wazee wa kanisa letu kwamba yule dada hakufaulu kwa sababu msingi wake wa hesabu ni mbovu. Mume wake nilimwambia hivyo hivyo. Niliyasema kwa sauti ya mtu anayejua, maana kabla ya kuhamia Marekani nilifundisha hisabati sekondari huko Tanzania kwa miaka mingi, na katika mji wetu hapa Kentucky mtu akikwama kwenye namba huelekezwa kwangu. Nililosema halikuwa kweli. Aliyeharibu ni mimi. Naeleza hapa nilivyoharibu kwa sababu dada huyu alibebeshwa aibu isiyo yake, na kwa sababu wako wengine wanaofundisha watu wazima Jumapili mchana kama mimi, na huenda wanafanya jambo hilihili bila kulijua.

Dada huyo ni Mkongomani. Wazazi wake walitoka Fizi, Kivu Kusini, na yeye alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Niliposikia Kigoma nikajisemea, huyu ni wa kwetu. Sikujiuliza alisoma nini huko. Shule za Wakongomani kambini zilifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Aliishi Tanzania utoto wake wote bila kusoma hesabu za Tanzania. Alipofika huku alipata cheti cha CNA, yaani cha msaidizi wa muuguzi, akawa anahudumia wazee: kuwaosha, kuwageuza kitandani, kuwalisha, kuandika wamekunywa mililita ngapi na wamekojoa ngapi. Kazi hiyo ilimpa hamu ya kuwa muuguzi kamili, na chuo alichoomba kilitaka kwanza afanye mtihani wa TEAS.

Hesabu za TEAS si nyingi wala si za ajabu. Ni maswali 38 kwa dakika 57, yaani dakika moja na nusu kwa kila swali: sehemu, desimali, asilimia, uwiano, milinganyo myepesi, kubadili paundi kuwa kilo, kusoma grafu. Kwenye skrini kuna kikokotoo cha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Siku ya kwanza nilimwekea kitabu cha mazoezi mezani, nikakipitishia macho, nikasema, "Dada, hizi ni za watoto. Usiogope." Nilidhani namtia moyo. Lakini mtu mzima aliyekwisha kuambiwa kwamba kitu ni cha watoto, akikwama atauliza vipi? Alikaa kimya wiki baada ya wiki, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni kuelewa.

Uharibifu wenyewe ulianzia kwenye kugawanya. Nilimpa 156 gawanya kwa 12. Sisi huandika 12 kushoto, tukachora mstari unaoifunika 156, na jibu likakaa juu ya mstari. Yeye aliandika 156 kushoto, akachora mstari wa kusimama, akaweka 12 kulia kwake, chini ya 12 akalaza mstari mwingine, na jibu akaliandika hapo chini. Lilikuwa 13, sahihi kabisa. Lakini mimi sikuangalia jibu, niliangalia sura ya kazi, na kwa macho yangu ilikuwa imepinduliwa. Nikaikata yote kwa kalamu nyekundu. Akasema kwa upole, "Mwalimu, njo vile tulifundishwaka." Nikamjibu kwamba alifundishwa vibaya.

Hakufundishwa vibaya. Ndivyo wanavyogawanya Ufaransa na Ubelgiji, na ndivyo wanavyogawanya watoto wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura. Mwalimu wa hisabati aliyeishi jirani na mpaka wa Kongo na Burundi alipaswa kulijua hilo, au walau kusita kabla ya kushika kalamu nyekundu. Sikusita. Nilimtoa kwenye njia aliyoijua tangu utotoni nikamlazimisha aingie kwenye yangu, na akapoteza zote mbili. Alianza kuweka namba inayogawa mahali pa ile inayogawanywa, kosa ambalo hakuwa nalo alipofika kwangu. Na kwa mtihani ule kazi yote hiyo haikuwa na maana, kwa sababu kikokotoo kinagawanya chenyewe. Kisichoweza kukuambia ni namba ipi uanze kuibonyeza, na hilo ndilo nililokuwa nimelivuruga kichwani mwake.

Nilifanya hivyo tena kwenye uwiano, na hapa ndipo panaponiuma zaidi kwa sababu uwiano ndio roho ya hesabu za dawa. Swali lilikuwa hivi: dawa ya maji ina miligramu 250 katika kila mililita 5, mgonjwa ameandikiwa miligramu 400, apewe mililita ngapi? Yeye aliandika mistari mitatu. Miligramu 250 ni mililita 5. Miligramu 1 ni 5 gawanya kwa 250. Miligramu 400 ni 5 mara 400 gawanya kwa 250. Jibu, mililita 8. Shuleni kwao waliiita kanuni ya namba tatu, na kila aliyesoma kwa Kifaransa anaijua. Kila mstari unasema kitu ambacho muuguzi anaweza kukiona akiwa na chupa mkononi. Nilimwambia hiyo ni njia ndefu, aache, aweke x. Kwake x ilikuwa herufi tu.

Hata MAGAZIJUTO, utaratibu wa tendo lipi lianze katika hesabu, nilimfundisha vibaya. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania ameikariri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nilimkaririsha kama nilivyokaririshwa, nikasahau kueleza kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unavifanya kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Nimeona baadaye katika daftari lake: 20 toa 8 jumlisha 5, mwanzoni aliandika 17. Baada ya somo langu akaifuta, akajumlisha 8 na 5 kwanza, akaandika 7. Alikuwa amepata, akakosa kwa kunitii.

Matokeo ya TEAS ukifanyia kwenye kompyuta hutokea papo hapo. Alinipigia simu akiwa bado kwenye maegesho ya magari. Hesabu ndizo zilizomshusha chini ya alama ambazo chuo kilitaka, na kabla ya kurudia alitakiwa kusubiri. Hakulalamika. Aliniomba radhi kwa kunipotezea muda. Mimi niliipokea ile radhi. Nikamwambia si kitu, tena nikamshauri afikirie kozi nyingine fupi. Ni baada ya simu hiyo ndipo nilipoanza kusema kwa mume wake na kwa wazee habari ya msingi mbovu.

Daftari lake lilibaki kwangu. Siku niliyolifungua sikuwa natafuta kosa langu. Nilitafuta ushahidi wa yale niliyokwisha kuyasema. Nikakuta swali linalouliza mililita 1,500 ni lita ngapi. Aliandika 0,0015, nami niliweka mkasi mwekundu bila neno lolote. Ukurasa uliofuata, gramu 2,250 ni kilo ngapi. Aliandika 0,00225. Mkasi mwingine. Makosa ya namna hiyo yalijaa, nami nilikuwa nikiyaita uzembe.

Nilikaa na kurasa zile hadi usiku, ndipo nikaona. Shuleni kwake koma ndiyo nukta ya desimali. Moja na nusu huandikwa 1,5. Elfu moja mia tano huandikwa 1.500, au huachwa nafasi katikati. Kwa hiyo 1,500 aliyoiona ilikuwa moja na nusu, na mililita moja na nusu ni lita 0.0015, bila kosa hata tarakimu moja. Alikuwa akifanya hesabu kwa usahihi mkubwa kuliko niliokuwa nao mimi wa kusahihisha. Kwenye hundi ya mshahara hakukosea, maana mtu anajua amefanya kazi saa ngapi. Kazini aliandika 240 au 360, namba zisizofika elfu. Lakini mbele ya swali la mtihani, saa ikikimbia, jicho lilisoma lilivyozoezwa.

Wala koma yake haikuwa ushamba. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, chombo cha kimataifa kinachosimamia kilo na mita, ulitamka kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au koma, vyote halali. Marekani inatumia nukta. Alichohitaji kuambiwa ni hicho tu, na kingechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Na kilikuwa ndicho chenye uzito kuliko vyote, kwa sababu ya kazi anayoitafuta. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huandikwa kwa yuniti, na dozi ya 5,000 ni ya kawaida. Mwenye kuisoma kama mimi nilivyomwacha aisome angeona tano. Huku wanalijua tatizo la alama hizi ndogo. Joint Commission, shirika linalokagua ubora wa hospitali za Marekani, lilitoa mwaka 2004 orodha ya maandishi yasiyotakiwa kwenye maagizo ya dawa, na humo zimo namna mbili za kuandika desimali: 5.0, kwa kuwa nukta ikififia itasomwa 50, na .5 isiyo na sifuri mbele, kwa kuwa itasomwa 5. Watu wazima, madaktari na wauguzi, walikubali kuandikiwa kanuni juu ya nukta moja. Mimi niliziita hizi hesabu za watoto.

Nilikwenda nyumbani kwao na daftari. Nilimfungulia mbele ya mume wake, nikamwonyesha ukurasa kwa ukurasa yale niliyoyakata na ambayo yalikuwa sahihi. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema kwamba mara nyingi alihisi kuna kitu hakikai sawa kwenye namba kubwa, na alitaka kuniuliza, lakini nilikuwa nimeshasema ni za watoto. Hakuongeza neno. Niliomba nimfundishe tena. Alikataa, kwa adabu, akasema amempata muuguzi mmoja Mrundi aliyepitia shule ya Kifaransa na baadaye mtihani huohuo. Alifanya vizuri kukataa. Kufundishwa naye kunampa kitu ambacho sikuweza kumpa: mtu anayemtazama akigawanya na kuitambua njia.

Mume wake amenisamehe kwa mdomo. Wazee niliwaomba wabaki baada ya ibada, nikawaambia kwamba niliyoyasema juu ya dada yule ni uongo, hata kama niliposema sikujua ni uongo. Mmoja, mzaliwa wa Uvira, aliuliza iwapo kweli alama moja inaweza kumwangusha mtu. Nikamwandikia 1,500 nyuma ya karatasi ya matangazo nikamwomba aisome. Akasoma haraka, moja koma tano, kisha akainua macho akanitazama. Mzee mwingine alikuwa amekwisha kuhamia Texas kabla sijapata kusema naye, na namba yake niliyonayo haipokelewi. Yeye bado anaamini nilichomwambia.