Tundu Lililokwenda Upande

Wengi hudhani kuwa tundu lililotobolewa upande katika chuma hurekebishwa kwa kutobolewa tena. Sivyo. Keekee haina macho. Huingia pale palipokwisha kufunguliwa njia, na hulifuata tundu la kwanza kwa upotofu wake wote. Mwenye kuirudia mara tatu atapata tundu pana zaidi, lakini bado liko kando.

Tumeona vyema kuwaandikia mama zetu na dada zetu habari hii, kwa kuwa mashine zimekwisha kuingia majumbani mwetu, na zinapoharibika fedha hutoka katika mikoba yao.

Mtaani kwetu yuko bibi mmoja auzaye tui na nazi zilizokunwa. Puli ya mashine yake ya kukunia ilivunjika, na kijana mmoja aliyepata kusoma madrasani kwetu, mwenye mashine ndogo ya kukereza uani kwao, akaahidi kumchongea nyingine ya aluminiamu. Akapokea shilingi 1,500 mbele. Ukingo wa puli aliukereza hata ukang'aa. Kisha akaitoa katika mashine na kuitoboa kando, na ncha ya keekee ikateleza kidogo kabla ya kuuma. Kidogo hicho kilikuwa nusu milimita.

Nusu milimita ni kama unene wa ukucha. Lakini tundu likienda kando kiasi hicho, ukingo wa puli hupanda na kushuka milimita 1 nzima kila mzunguko, na mota ya namna ile huzunguka mara zipatazo 1,400 kwa dakika. Mkanda hukazwa na kulegezwa mara zote hizo, beringi hushika moto, na meza nzima hutetemeka. Bibi aliistahamilia siku mbili, akaizima, akarudi kwenye mbuzi. Kukuna nazi arubaini kabla ya jua kutoka, kwa mikono iliyopita miaka sitini, si jambo la kusimuliwa kwa wepesi.

Fundi mmoja mkubwa alimshauri kijana achomeke kipande cha bati kati ya puli na shafti, mambo yaishe. Kijana akatujia.

"Maalim, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea?"

Tulimjibu kwamba bati lile litahama baada ya siku chache, na kwamba mwenye kuuza kitu chenye kasoro anayoijua, asiitaje, amekula kisicho chake. Akaenda kwa bibi akamweleza. Bibi akasema, "Mwanangu, pesa si neno. Naitaka mashine yangu."

Tulikwenda kumtazama akifanya kazi, na tukiri kwamba tulikaa kuliko tulivyokusudia. Aliifunga puli katika kishikio chenye meno manne, ambacho kila jino lake hukazwa peke yake, akaweka pembeni kipimo cha mshale mfano wa saa. Kipimo alikigusisha kwenye ukingo, kwa kuwa ukingo ulikuwa sawa. Lile tundu hakulitegemea kwa lolote. Alilegeza jino hili, akakaza lile, akazungusha kwa mkono, akatazama mshale. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, na chuma hakijaguswa.

Kisha akaleta kisu chembamba cha kupanulia tundu. Kisu hiki hushikwa imara na mashine na hakiongozwi na tundu, basi hukata pale tu penye ziada. Mwanzo kiligusa upande mmoja: tk, tk, tk, mguso mmoja kila mzunguko. Akasogeza kidogo kidogo, na sauti ikarefuka, mpaka ikawa moja isiyokatika. Hapo ndipo tundu lilipokuwa katikati. Lakini lilikuwa limepanuka, naye akaliendeleza kutoka milimita 16 hadi 22 ili lipate nafasi ya bushi ya chuma.

Bushi aliikereza iwe nene kuliko tundu kwa sehemu mbili za mia za milimita. Puli akaipasha moto juu ya jiko la mkaa hata tone la maji likachemka juu yake. Aluminiamu ikatanuka, bushi ikazama, na ilipopoa ikaumwa barabara. Tundu la bushi alikuwa ameliacha dogo, milimita 15. Aliirudisha puli katika kishikio, akaipima upya kwa mshale, ndipo akalimalizia kufikia 16, maana bushi huminywa inapoingia, na tundu lililokamilishwa mapema lingeweza kuharibika tena.

Tulimuuliza kwa nini hakuukereza upya ukingo ulifuate tundu, kwani nayo ni njia. Akasema puli ingepungua, mfereji wa mkanda ungetaka kuchongwa upya, na tundu la aluminiamu tupu hulika upesi.

Anayetaka kuijaribu puli ya nyumbani kwake achomoe umeme, autoe mkanda, aizungushe kwa mkono na kusogeza chaki karibu na ukingo. Chaki ikiandika upande mmoja tu, tundu liko kando. Ukingo ukiyumba kushoto na kulia, tundu limeinama, na dawa yake ni hiyo hiyo.

Bibi alitaka kumwongeza shilingi 300. Kijana alizikataa, akapokea chupa moja ya tui la kwanza, na mama yake akalipikia wali usiku ule.