Hofu ya kufutwa kazi ilitoka wapi?

Msomaji mmoja ameniuliza: sisi wa kompyuta tuliogopa nini mwaka 2020, na kazi yetu inafanyika popote penye intaneti? Swali zuri, ndugu yangu, ila jibu lake halimo ndani ya kompyuta.

Wakati huo nilikuwa naandika programu ya kuweka nafasi za vyumba hotelini, hoteli nyingi zikiwa za Pwani. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi. Kabla mwezi kuisha, ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimamishwa na kafyu imeanza. Kila asubuhi, hata kabla ya chai, nilikuwa naiuliza hifadhidata yetu swali moja tu: jana wameingia wangapi? Hakuna aliyenituma. Idadi ilishuka, ikashuka, mwishowe wakabaki wanaofuta safari. Mimi nilijua hali ya kampuni kabla bosi hajatamka neno.

Jirani yangu naye anaandika programu, lakini za malipo ya simu. Machi hiyo hiyo ada za kutuma pesa kidogo, hadi shilingi 1,000, ziliondolewa ili watu wapunguze kushika noti. Yeye kazi zilimzidi. Ujuzi wetu ni ule ule. Tofauti ni mteja tu.

Halafu kuna mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inampa anayepunguzwa kazini notisi ya mwezi mmoja, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Wangu ulikuwa wa miezi sita, unakwisha Juni. Mkataba kama huo hauhitaji mtu akufute. Unakwisha tu. Wenzangu wa kudumu walikatwa mishahara, wakalalamika sana (na haki yao), lakini walijua kilichokatwa ni kiasi gani.

Kilichotumaliza hasa ni kimya cha wakubwa. Aprili nzima hatukupata hata barua pepe moja ya maana, basi tukawa wapiga ramli. Fulani hakuitwa kwenye mkutano wa Zoom, kwa nini? Siku moja seva ilinikatalia kuingia, nikakaa nikitazama skrini, moyo unadunda. Kumbe ni nenosiri tu limepitwa na muda!

Mei meneja alisema wazi: pesa zilizopo ni za miezi mitatu, na mikataba itaendelea kwa nusu ya malipo. Habari mbaya, lakini usiku huo nililala.

Mama wa chai hakuwa kwenye mkutano huo. Yeye aliajiriwa na wakala, hakuwa na barua yoyote mkononi. Alipigiwa simu Ijumaa, akaambiwa Jumatatu asije.