Pasta, hao wa kasoro wanakaa wapi?

Nilihubiri juu ya almasi, na mahubiri yale yamenirudia mpaka mlangoni pangu.

Nilisema: wenye elimu wanatafuta almasi yenye kasoro. Ni kweli. Almasi ni kaboni, atomu zake zimepangwa kama matofali ya ukuta. Mahali fulani tofali moja linakuwa azoti, na la jirani yake halipo, pamebaki nafasi wazi. Kasoro hiyo ukiimulika na mwanga wa kijani, inarudisha mwekundu. Ukitia na mawimbi kama ya radio, kwa kipimo fulani ule wekundu unafifia. Sumaku ikikaribia, kipimo kile kinahama. Wala sisemi sumaku ile watoto wanatoa ndani ya radio iliyokufa. Hapana, hii ni zaifu mno, inapimwa kwa umbali wa nanometa, na milimita moja ina nanometa milioni 1! Mwaka 2008 vikundi viwili, cha Harvard kule Marekani na cha Stuttgart kule Ujerumani, vilionyesha kwamba kasoro moja tu inatosha kupima. Mwaka 2013 wengine wakatazama bakteria zenye punje za chuma mwilini, zingali hai, wakaona sumaku yake.

Nikapaza sauti: “Kasoro yako iko na bei!” Kanisa likaitika Amina.

Kesho yake kijana mchimbaji akabisha hodi. Jiwe lake lilikuwa ndani ya kikaratasi, lina doa jeusi katikati. Mnunuzi alimtajia bei, akakataa sababu ya maneno yangu. “Pasta, hao wa kasoro wanakaa wapi? Mimi niko na yao.”

Ndugu msomaji, niliona haya. Kasoro ninayosema haionekani kwa macho. Doa jeusi siyo yenyewe. Tena almasi nyingi za kazi ile zinatengenezwa katika mashini, safi kabisa, ndipo kasoro inatiwa kwa kusudi. Hayo sikuyasema mimbarani, yangeharibu mahubiri. Basi wewe kijana, mtu akizunguka machimboni akisema ananunua mawe ya doa kwa ajili ya elimu, usimpe jiwe, wala feza ya kulipima.

Tulikwenda pamoja kwa mnunuzi. Alikuwa amekwisha kushusha bei, na kwa yule kijana watoto wawili walikuwa wamefukuzwa shule sababu ya malipo. Ile tofauti ninailipa mimi, kidogo kidogo. Imebaki nusu.