Mama Mchapaji na Skrini ya Bluu

Mpwa wangu alichungulia kompyuta yangu, akaona skrini nyeusi na herufi chache za kijivu kwenye kona, akauliza: "Mjomba, imekufa?" Haijafa. Ilikuwa MS-DOS 6.22 ya mwaka 1994, ikiendeshwa ndani ya mashine pepe: programu ya leo inayojifanya kompyuta nzima ya zamani, na faili moja kubwa ikijifanya diski yake. Nikamweleza. Akaitikia "sawa" ya kuniridhisha, akarudi kwenye simu.

Mambo haya niliyaanza baada ya msiba. Marehemu alikuwa na duka la kuchapa Kariakoo, na wanawe walipofungua kabati wakakuta masanduku ya disketi. Walitaka kuyatupa, nikayaomba.

Duka lile lilikuwa chumba kimoja chenye feni ya dari na harufu ya wino wa stensili, maana mashine ya kudurufu haikuondoka kompyuta ilipokuja. Kilichoongezeka ni kelele: printa ikigonga utepe wa wino mstari kwa mstari, mpaka mwenye maneno yake anyamaze kwanza. Mama Mchapaji, ndivyo sote tulivyomwita marehemu, alikuwa amefundwa na taipureta na hakuwa mtu wa kutazama vidole. Alitumia WordPerfect 5.1, skrini ya bluu tupu, amri zote zikikaa kwenye vitufe: F6 kukoleza herufi, F8 kupiga mstari, F10 kuhifadhi, Shift na F7 kuchapisha. Ukimletea barua ya kuomba kazi, aliisoma kwanza kwa sauti, mbele ya wateja wote, akikukata jicho penye sarufi mbovu. Kosa likiwa lake, alirudia bure. Likiwa lako, ulilipa ukurasa upya. Kila baada ya aya alibonyeza F10. Anayeukumbuka mgawo wa umeme wa miaka ile hahitaji kuelezwa kwa nini.

Windows 95 ilitoka Agosti 24, 1995, nimehakikisha. Pale dukani ilifika ilipofika, na mama hakuipenda, kwa sababu kipanya kilimwondoa mkono kwenye herufi. Kisha ikaja Windows 98, ikaja XP, intaneti kafe ikafunguliwa mlango wa pili, fleshi zikaleta virusi, watu wakaanza kuandika barua zao wenyewe kwenye simu, na bila aibu. Jengo likavunjwa. Sasa pale pana ghorofa, na chini wanauza makava ya simu.

Disketi nyingine zimeingia ukungu, hazisomeki tena. Zilizopona nimezinakili na kuzifungua ndani ya mashine pepe. LibreOffice nayo inaweza kuzisoma hati hizo, ila nilitaka kuziona alivyoziona yeye. Ukiandika DIR, majina yanashuka: RISALA, KATIBA2, MICHANGO. Jina halikuruhusiwa kuzidi herufi nane, na tatu za mkia. Ndani ya MICHANGO kuna orodha ya kamati ya harusi: waliotoa, na walioishia kuahidi.

Sisemi kila cha kale kilikuwa bora. DOS hufanya kazi moja tu kwa wakati, na haijui kupumzika: hata inapokusubiri ubonyeze herufi, huzunguka ikiuliza kama umeshabonyeza, na feni ya kompyuta yangu inavuma bure. Lakini haijawahi kunidai nenosiri, akaunti wala malipo ya mwezi ili niandike barua ya mistari kumi. Programu nyingi za leo hudai vyote hivyo, kisha hunisimamisha katikati ya sentensi ili zijisasishe.

Vikundi vingi, parokia, misikiti na vyama vya ushirika bado vina disketi kabatini, na ndani yake katiba na mihtasari isiyo na nakala nyingine. Kisomaji cha disketi cha USB bado kinapatikana, na VirtualBox ni ya bure. Kila disketi inakuwa faili ya megabaiti 1.44 tu, fleshi moja hubeba kabati zima. Usumaku hufifia na ukungu haungoji mkutano mkuu. Makatibu, nakilini sasa.