Fedha ya Nani Inasafiri?

Hata sisi tukaao Nyunzu, kwenye njia ya reli kati ya Kalemie na Kabalo, sasa twawasikia vijana wakitaja miji ya mbali ambako watu hukusanyika kucheza karata kwa fedha. Simu zimezileta meza hizo hadi chini ya miembe yetu. Mmoja wa vijana tuliowafundisha darasani, ambaye leo ana kazi ya mshahara mjini, alituuliza: “Mwalimu, nikiweka akiba nikasafiri kuyaona mashindano ya poka kwa macho yangu, na pengine kuketi mezani, je, ni dhambi?” Aliuliza kwa unyofu, naye alistahili jibu lililo zaidi ya karipio.

Tulitaka kwanza kulijua jambo lenyewe. Mashindano yenye sifa kuliko yote, World Series of Poker, yalianza mwaka 1970 huko Las Vegas, Marekani. Kiingilio cha shindano lake kuu ni dola 10,000. Mchezaji hulipa, hupewa vipande vya kuchezea ambavyo haviwezi kubadilishwa kuwa fedha, na vikimwishia huondoka. Bahati ipo, kwa maana hakuna aijuaye karata ijayo. Lakini ipo pia hesabu, subira na kuusoma uso wa mwenzako. Mchezaji hodari hutupa karata nyingi kuliko anazozicheza. Anayeuita mchezo huu upumbavu mtupu hajautazama.

Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kwa kushinda shindano dogo kwenye intaneti, alitwaa dola milioni 2.5. Habari zake zilienea duniani, na watu wa kawaida wakaanza kufunga mizigo. Mwaka ule washiriki walikuwa 839. Mwaka 2023 walikuwa 10,043. Mshindi wa 2023 alipata zaidi ya dola milioni 12. Hesabu hiyo hutangazwa kila mahali. Isiyotangazwa sana ni hii: waliopata malipo yoyote walikuwa 1,507. Wengine zaidi ya 8,500 walirudi makwao mikono mitupu, na nauli pamoja na malazi walikuwa wameyalipa wenyewe.

Mji mwingine wa wasafiri hao ni Monte Carlo, katika nchi ndogo ya Monaco. Raia wa Monaco wenyewe hawaruhusiwi kucheza katika kasino yao. Milango imefunguliwa kwa wageni. Waliojenga nyumba ile walijua ni nini huweza kuwapata watoto wa nyumbani, wakawakinga. Msafiri na ajiulize ni nani atakayemkinga yeye.

Kanisa halikumjibu kijana wetu kwa neno moja. Katekisimu, katika namba 2413, yafundisha kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Huwa si halali pale inapomnyima mtu mahitaji yake ya lazima na ya wale wanaomtegemea. Na tamaa ya kucheza huweza kumfanya mtu mtumwa. Kwa hiyo twapewa maswali mawili: fedha hiyo ni ya nani, na je, waweza kuinuka mezani?

Mtakatifu Kamilo wa Lellis aliyajua maswali hayo kwa mwili wake. Alizaliwa mwaka 1550, akawa askari, akacheza kamari kambi hata kambi. Mwaka 1574, mjini Napoli, alipoteza kila alichokuwa nacho, akabaki kuombaomba. Mwaka uliofuata, akiwa kibarua katika ujenzi wa nyumba ya Wakapuchini, moyo wake uligeuka. Mikono ile iliyorusha kete ndiyo iliyoosha vidonda vya wagonjwa wa Roma, na leo yeye ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Mungu hakuutupa ujasiri wake. Aliupa kazi nyingine.

Tulipomwuliza kijana akiba hiyo inatoka wapi, alinyamaza. Kisha akasema kwamba ada ya wadogo zake wawili hutoka katika mfuko huohuo. Hatukumkataza kusafiri, kuiona dunia ni jambo jema, na kutazama mchezo si kosa. Tulimwambia atenge mifuko miwili: wa kwanza ni wa wadogo zake, nao hauvuki mpaka, wa pili ni wake, naye awe tayari kuupoteza wote bila kukopa wala kusema uongo nyumbani. Usipojaa katika miaka kumi, safari ingoje.

Wengi wetu hatutapanda ndege kwenda kuketi kwenye meza hizo. Hata hivyo safari hiyo ina wadogo zake: karata za sokoni jioni ya malipo, dau juu ya mechi za Ulaya. Kiasi ni kidogo, lakini chumvi na dawa za mtoto hununuliwa kwa kiasi hichohicho. Kabla fedha haijatoka mfukoni, tuitaje kwa jina la mwenyewe. Ikiwa jina ni la mtoto, la mke, la mzazi mzee, basi fedha hiyo haina ruhusa ya kusafiri, hata kama ni hadi sokoni tu.